Niliweka komeo kwenye friji bovu, nikamfungia mdogo wangu ndani kwa mkono wangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Bariadi, Simiyu.

Mimi humu ni msomaji tu, huwa sichangii. Leo naandika kwa sababu nikinyamaza nitakuwa nimeongeza kosa jingine. Sitaongeza chumvi. Niliyoyaona nitasema niliyaona, na niliyoyafanya nitasema niliyafanya. Atakayetaka kunitukana ruksa, ila asome mpaka mwisho.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtoto wa kwanza, tuko wanne. Baba alifariki, na mwaka uliofuata mama naye akamfuata, mimi nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule wiki ile ile. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitazama pale nyumbani nikaona hakuna mwingine wa kupika wala wa kuwaogesha watoto, basi daftari nikaziweka juu ya kabati.

Baada yangu wapo mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka kumi na tatu. Wa mwisho ni Shija, msichana. Wasukuma wenzangu mnajua, anayefuata mapacha huitwa Shija. Mama alifariki Shija akiwa bado ananyonya. Nilimlea kwa uji wa ulezi na maziwa ya jirani, na neno la kwanza kulitamka lilikuwa "dada". Sasa ana miaka sita.

Ndugu wa baba walitaka kuwagawana watoto, huyu aende huku, yule kule. Nilikataa. Nilisema nitawalea mwenyewe na hakuna atakayenifia mkononi.

Hayo maneno niliyasema mbele ya watu. Kumbukeni hilo mkiendelea kusoma.

Nauza vyombo. Nazunguka minadani, leo hapa mjini, kesho Zagayu, wakati mwingine nafika mpaka Lingeka kule Meatu. Ndoo, mabeseni, masufuria, chupa za chai, kufuli, kalamu za watoto wa shule, vitu vya namna hiyo.

Kazi hii imenifundisha kuangalia vitu. Mteja akishika beseni anaangalia rangi. Mimi naligeuza chini.

Mfano, vile viti vifupi vya plastiki vyenye tundu katikati. Watu wanadhani tundu ni la kupitisha kidole ubebe. Unaweza kubeba, sawa, lakini bila lile tundu ukivipanga kimoja juu ya kingine vinanyonyana, kuvichomoa ni vita. Au kufuli, angalia chini karibu na pa kuingiza ufunguo, kuna kitundu kidogo. Hapo maji ya mvua yanatokea, na hapo unatia mafuta ikikwama.

Kalamu nayo. Ncha ya kifuniko ina tundu. Hilo limewekwa ili mtoto akikimeza kikakwama kooni, hewa ipite angalau kidogo wakati mnakimbia hospitali.

Nilikuwa nawaeleza wateja haya na wananunua huku wanacheka. Kuna mzee wa Zagayu ananiita mwalimu wa ndoo.

Sisemi haya kujisifu. Nataka muuone ujinga wangu ulivyo mkubwa. Mtu aliyekuwa anafundisha minada mizima habari ya kitundu cha kalamu, ndiye aliyechukua kitu kilichotengenezwa kwa akili ili mtoto asife, akakiharibu kwa bisibisi.

Twende kwenye friji.

Mtumishi mmoja aliyekuwa amepanga jirani alihamishwa mkoa, akaniachia friji lake. Lilikuwa limeshaungua na umeme, fundi alishakata tamaa nalo. Kwetu huku friji bovu halitupwi. Panya wa Simiyu wanatoboa gunia, wanatoboa ndoo, wanatoboa hata mlango wa mbao. Friji ni bati nje, halitoboki. Ukiweka humo michembe, karanga na choroko, unalala.

Kwa wasioijua michembe, ni viazi vitamu vinakatwa vipande vinakaushwa juani, unakuja kuvila miezi ya njaa. Kwangu hiyo ndiyo akiba ya nyumba.

Nikaondoa rafu zote za ndani ili viroba vikae vizuri. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Nilitengeneza nafasi.

Kosa la pili ni mlango. Mlango wa friji hauna kitasa, mnajua. Unashikwa na ule mpira wa pembeni wenye sumaku ndani. Sasa mpira wangu ulikuwa umechoka, mlango ukawa unaachia wenyewe, na mapacha walikuwa wanachota michembe mchana kutwa kama ng'ombe waliofunguliwa shambani.

Nikamwita fundi anayechomelea mageti, kijana mcheshi, anaitwa Masanja. Nikamwambia anifungie komeo la chuma, lile la kusukuma, na kwenye ncha atoboe tundu la kupitisha msumari.

Akalitazama friji, akanitazama mimi.

"Dada, unazuia panya wasiingie au michembe isitoke?"

"Nazuia mikono ya Doto."

Doto alikuwa amesimama palepale. "Kwani Kulwa yeye hana mikono?"

"Kulwa anatumwa na wewe," nikamwambia.

Tulicheka wote. Shija naye alicheka, ingawa hakuelewa. Masanja akatoboa bati, akakaza skrubu nne, akasukuma komeo, likaingia kwa sauti. Akapiga mlango ngumi mara tatu, haukutikisika hata kidogo.

"Hili hata simba hafungui," akasema.

Nilifurahi wakuu. Nilifurahi kabisa.

Miezi ikapita.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, watoto hawakwenda shule. Michembe ilikuwa imeanza kuingiwa na dudu, kwa hiyo asubuhi nilitoa viroba vyote nikaianika uani juu ya turubai. Friji nikalifuta kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, nikaacha mlango wazi kabisa ndani likauke. Friji linakaa stoo, chumba kidogo nyuma ya nyumba, kina mlango wake wa kutokea uani.

Mchana watoto wakawa wanacheza kombolela na wenzao wa jirani. Mmoja anahesabu ameficha macho, wengine wanajificha. Nawasikia kelele zao, mimi napanga vyombo vya mnada wa kesho.

Kama saa nane hivi upepo ukabadilika. Mvua ya kwanza ya msimu huku haibishi hodi. Unaona vumbi linasimama, ukigeuka tayari matone makubwa yanakupiga mgongoni.

Nikakimbilia michembe. Nikakunja turubai nikaburuta mpaka stoo. Bati la stoo linavuja, na linavuja palepale juu ya friji.

Nikaona mlango wa friji.

Hapa naomba msome polepole, maana ndipo nilipo kila siku.

Mimi niliuacha wazi kabisa, umegusa ukuta. Sasa ulikuwa umerudi, umebaki upenyo wa vidole viwili. Akili ilitakiwa ijiulize nani kaurudisha. Haikujiuliza. Nilichofikiria ni maji ya mvua yataingia, na kuku wa jirani wana tabia ya kutagia popote.

Mikono yangu ilikuwa imejaa. Nikausukuma mlango kwa nyonga, nikanyoosha mkono mmoja, nikasukuma komeo. Likaingia. Nikachomeka na msumari.

Nikaacha turubai palepale sakafuni, nikajaza michembe kwenye mabeseni nikaipeleka sebuleni, maana ilishaanza kulowa na yenye unyevu huwezi kuifungia.

Mvua ikashuka yote. Nyumba ya bati mnaijua. Mtu akiwa mbele yako unaona mdomo wake unacheza tu.

Bati liliponyamaza kidogo, nikiwa namwaga michembe kwenye mkeka sebuleni, nilisikia kitu kikigongagonga upande wa stoo. Kidogo sana. Nikasema moyoni, panya wa leo wamechachamaa.

Niliwaza hivyo na nikaendelea kumwaga michembe.

Mapacha wakaingia mbio, wamelowa. Nikawarushia kanga wajifute.

"Shija yuko wapi?"

Doto akanisogelea sikioni. "Atakuwa kwa Mayu Holo! Alijificha hatukumwona!"

Mayu Holo ni mama mzee jirani yetu. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Watoto hushinda kwake, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilisema atakuja mvua ikikatika. Nikawasha mkaa, nikabandika chai.

Nilibandika chai, wakuu.

Mvua ilipopungua nikamtuma Kulwa kwa Mayu Holo. Akarudi, na Mayu Holo mwenyewe nyuma yake, kiroba kichwani kama kofia.

"Kwangu hajafika tangu asubuhi," akasema.

Sikuwaza ndani ya nyumba hata kidogo. Niliwaza korongo.

Nyuma ya nyumba zetu kuna korongo, mwaka mzima ni mchanga mtupu na watoto wanajificha humo. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanashuka kwa mara moja. Nilikimbia pekupeku. Nilipofika nikakuta maji ya udongo yanapita kwa kasi na vijiti, makopo, kiatu. Nikakirukia kile kiatu nikidhani ni chake. Kilikuwa cha mtu mzima.

Majirani wakatoka. Wanaume wakakata miti mirefu wakaanza kupima maji kando kando. Kila walipochomeka mti nilikuwa nafunga macho, maana niliogopa kuona umegusa kitu laini.

Doto alikuwa anazunguka analia, "Shija toka, mchezo umeisha! Toka, umeshinda!"

Mayu Holo akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuna mtu upande wa pili wa mji anaona vilivyofichwa. Twende kwa bodaboda, tutarudi sasa hivi."

Sitamlaumu. Ni mcha Mungu na ni mtu mwema, ila hofu ikizidi kila mtu anashika kilicho karibu. Na mimi nilisema twende. Nilishakunja sketi nipande pikipiki. Ningekuwa nimeondoka, huu uzi ningeandika mwingine, au nisingeandika kabisa.

Kilichonizuia ni simu. Mwenyekiti wa mtaa alipigiwa, akataka kutangaza kwa kipaza sauti cha kanisani. Akaniuliza, "Amevaa nini?"

Sikujua.

Mimi niliyemvalisha asubuhi sikujua. Ana gauni la njano na la kitenge, yote mawili ya kushindia, na kichwa changu hakikuwa na kitu. Nikamwambia subiri, nikakimbia nyumbani kuangalia ni lipi halipo. Nguo za watoto ziko kwenye begi, na begi liko stoo.

Turubai lilikuwa limelala sakafuni, limeziba njia ya begi. Nikalivuta kwa hasira.

Chini yake kulikuwa na ndala.

Ndala mbili ndogo za bluu, zimepangwa vizuri, visigino vimenielekea mimi, vidole vimeelekea friji.

Nieleze kitu. Nyumbani kwetu huwezi kukanyaga na viatu panapokaa chakula. Mama alikuwa mkali sana kwenye hilo, kwa sababu viatu vinatoka zizini na chooni. Mimi nimeendelea nalo. Ukipanda kwenye turubai la michembe unavua. Ukiingia kupanga viroba unavua. Shija ndiye mtiifu kuliko wote, mapacha wanasahau ila yeye hasahau.

Mtoto alivua viatu kabla ya kuingia kwenye friji, kwa sababu friji ni la chakula.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Doto anasema nilipiga na watu walinisikia korongoni. Ninachokumbuka ni msumari. Ule msumari haukutoka. Ulikuwa umeloa na vidole vyangu vina udongo, nauvuta unateleza, nauvuta unateleza. Nikaung'ata kwa meno, ukatoka. Jino langu la pembeni limevunjika ncha mpaka leo.

Nikavuta komeo.

Shija alikuwa amejikunja, magoti kifuani, kichwa kimeegemea pembeni. Ameloa jasho kama aliyetoka mtoni. Macho nusu. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuielezea. Joto lililotoka mle lilinipiga usoni kama nimefunua chungu.

Nilimbeba nikatoka naye uani, manyunyu yakawa yanamdondokea. Nikamwita. Mkono wake ulining'inia tu. Mayu Holo akafika, akamlaza ubavu, akawa anampepea kwa kanga huku anamsugua mgongo na kusema kwa Kisukuma maneno ambayo wamama huwaambia watoto wachanga.

Kifua kikainuka mara moja. Kikakaa. Nikasubiri. Mimi sijawahi kusubiri kitu maishani kama nilivyosubiri kifua kile kiinuke mara ya pili.

Kikainuka. Akakohoa, akatapika, akaanza kulia kilio chembamba.

Bodaboda aliyekuwa ananisubiri kwa safari ya mganga ndiye aliyetupeleka hospitali. Shija katikati, mimi nyuma, Mayu Holo na pikipiki nyingine.

Wakamwekea oksijeni. Nesi akaanza kuandika, akauliza ilikuwaje. Mayu Holo akawahi.

"Mlango ulijifunga wenyewe, nesi. Unajua hivi vitu vya umeme."

Akanikanyaga mguu chini ya benchi. Alikuwa ananilinda. Alijua ndugu wa baba wakisikia watakuja kuwachukua watoto.

Nesi akanitazama mimi. "Ulijifunga wenyewe?"

"Hapana," nikasema. "Nilifunga mimi. Kwa komeo."

Kalamu ikasimama. "Friji lina komeo?"

"Niliweka mimi."

Daktari aliyekuwa anamsikiliza Shija kifua akageuka. Ni mtu mzima, si wa mkoa huu, anaongea taratibu. Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

"Unajua kwa nini friji halina kitasa?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Mafriji ya zamani sana yalikuwa na kitasa, ukifunga linabana. Watoto walikuwa wanaingia kujificha, wakishafungiwa hawawezi kutoka. Walikufa watoto wengi. Ndipo watengenezaji wakaondoa kitasa, wakaweka sumaku. Inashika mlango baridi isitoke, lakini mtoto akisukuma kwa ndani unafunguka. Ile sumaku haikuwekwa kwa ajili ya baridi peke yake. Iliwekwa kwa ajili ya huyu."

Akamwekea Shija mkono kichwani.

Wakuu, mimi ni mwalimu wa ndoo. Nilikuwa najua tundu la kiti, la kufuli, la kalamu. Hili sikulijua, na sikujiuliza. Miaka yote nafungua mafriji ya watu kuweka nyama na soda, sikuwahi kujiuliza kwa nini mlango mkubwa vile unashikwa na kitu dhaifu vile. Nilidhani ni ubahili wa kiwanda. Kumbe kile kilichoonekana udhaifu ndicho kilichofikiriwa kuliko vyote, na mimi nikakirekebisha.

Jioni Shija akaanza kuongea. Nikamuuliza kwa nini hukuniita niliposogeza mlango, wakati ulikuwa unanisikia.

Akasema, "Nilidhani dada unanificha vizuri, Doto asinione."

Alinyamaza kwa sababu aliniamini. Giza lilipozidi na hewa kuwa nzito ndipo akaanza kugonga na kuita, na mimi nilikuwa sebuleni nawalaumu panya.

Daktari alisema mpira uliochoka huenda ulipitisha hewa kidogo. Alisema huenda. Alisema pia dakika chache zaidi tungeongea mambo mengine. Tulikaa siku mbili tukaruhusiwa. Mtoto yuko vizuri, anakula, anacheza, ila mlango wowote ukifungwa anasimama na kuutazama mpaka ufunguliwe. Chooni anataka nimshikilie mlango wazi, nami naushikilia.

Baba mkubwa alikuja. Nilimweleza kila kitu kama nilivyowaeleza ninyi. Aliposikia yote akasema tu, "Liondoe hilo dude hapa." Hakumchukua mtoto. Mlango wa friji nilikuwa nimeshaung'oa wote kwenye bawaba kabla hajafika, na sasa friji limelala chali uani, limejaa udongo, nimepanda mchicha.

Ningeishia hapo. Lakini nilienda kwa Masanja kumwambia asije akamwekea mtu mwingine komeo la namna ile.

Akashusha miwani yake ya kuchomelea. Akawa hanitazami.

"Dada, baada ya kwako niliwekea watu wanne. Walikuja kuona la kwako wakalipenda."

Sikulala vizuri tena kuanzia hapo. Nyumba nne, na wote wana watoto. Akili yangu ile niliyojivunia ilikuwa inazunguka mtaani imekaa milangoni.

Masanja akachukua bisibisi tukaenda wote. Nyumba tatu hazikutusumbua, habari ya Shija ilishawafikia. Ya nne ni ya mama mmoja mwenye duka la pembejeo, ana wajukuu wawili wadogo. Alitusikiliza amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe ulishindwa kuangalia mtoto mmoja, leo unakuja kunifundisha mimi niliyelea saba?"

Nikasema, "Ndiyo mama, nilishindwa."

"Mimi wajukuu zangu wana akili, hawaingii kwenye friji."

"Wa kwangu pia alikuwa na akili."

"Na panya utawafukuza wewe?"

Masanja akanivuta tuondoke. Nikakataa. Nikamwomba yule mama kitu kimoja, anionyeshe friji tu. Akaona si hoja, akatupeleka. Lilikuwa kubwa kuliko langu, na viroba vilikuwa vichache, rafu hakuna.

Nikatoa viroba, nikaingia mimi.

Jamani, msijaribu hili. Nilifanya kwa sababu fundi alikuwa palepale na bisibisi mkononi. Nilijikunja nikaenea. Nikamwambia mama, "Funga, hesabu mpaka hamsini, halafu fungua. Nitakuwa napiga kwa nguvu zangu zote. Ukisikia mtu anakufa humu ndani, komeo lako libaki. Usiposikia, litoke."

Akasema, "Huyu amechanganyikiwa." Akafunga.

Nilidhani najua Shija alipitia nini. Sikujua. Giza la mle si la chumbani, halina pembe. Pumzi yako unaisikia puani kama ya mtu mwingine aliyekaa karibu mno. Nilipiga kwa viganja, nikapiga kwa magoti, nikaita, na sauti yangu ilinirudia yote, haikwenda popote. Nilijua kabisa watu wawili wako nje hatua moja, wananisubiri. Na bado nilianza kulia kama mtoto. Nilijua hawatafungua. Nilijua wamekwenda.

Mlango ukafunguka. Masanja anasema hawakufika hata ishirini, yeye ndiye alimwambia mama afungue.

Yule mama alikuwa ameshika komeo, uso umebadilika. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unapiga?"

"Kwa nguvu zote."

"Nilisikia kama panya tu." Akageukia Masanja. "Alikuwa anapiga?"

Masanja akaweka bisibisi kwenye komeo. Skrubu zilikuwa zimeota kutu, bisibisi ikawa inazunguka bure. Yule mama hakusubiri. Alikwenda nyuma akarudi na panga, akalichomeka chini ya komeo, akalikandamiza kwa uzito wake wote mpaka bati likapasuka na komeo likaruka ukutani. Mimi bado nilikuwa nimekaa sakafuni natafuta pumzi. Alipomaliza alikaa chini karibu yangu, panga mapajani, akaita wajukuu zake kwa majina, mmoja mmoja, mpaka wote wawili wakaja wakasimama mbele yake akawashika.

Nilichojifunza, wakuu, si kikubwa. Vitu vya nyumbani vina akili za watu ndani yake. Kuna mtu mahali fulani alikaa akamfikiria mtoto asiyemjua, akapunguza nguvu ya mlango kwa makusudi. Kabla hujaboresha kitu, uliza kwanza kwa nini kiko hivyo. Na kama una friji bovu la kuhifadhia chakula, ng'oa mlango uweke pazia na mtego wa panya, au kama hulitumii, ligeuze mlango uelekee ukutani usifunguke kabisa. Usiweke komeo, kamba wala kufuli.

Wajuzi wa vifaa mnaosoma hapa, kama kuna kingine cha namna hii tunachoharibu majumbani bila kujua, tiririkeni hapa, nitasoma kila komenti. Wenye kunilaumu nao waje, sitajibu vibaya.

Ila wewe ambaye friji lako lina komeo, usikomenti sasa hivi. Weka simu chini, nenda kalitoe kwanza, uwaite watoto wako wote kwa majina wakuitikie. Uzi huu utakusubiri.